Nani Anamdai Mwalimu?

Anapostaafu mwalimu mkuu au afisa elimu katika mitaa ya Kariakoo, hukaa mabaraza mawili kwa siku moja. Baraza la kwanza ni la ukumbini. Humo mna viti vilivyovishwa vitambaa, mshereheshaji mwenye kipaza sauti, risala iliyopigwa chapa na kutiwa katika fremu, na watoto waliofunzwa shairi la kumuaga mgeni wa heshima. Zawadi hupandishwa jukwaani moja moja: kitanda, godoro, mabati, doti za khanga. Kila asimamaye husifu, na kila sifa hupigiwa makofi. Baraza la pili ni la kijiweni, mbele ya birika la kahawa, katika Mtaa wa Sikukuu au wa Narung'ombe, ambako waliokaa hawakualikwa popote. Huko nako humsema mstaafu, lakini husema mengine.

Swali la kimaadili linazaliwa kati ya mabaraza hayo mawili. Je, ni halali kwa jamii moja kuwa na ndimi mbili juu ya mtu mmoja, ulimi wa ukumbini na ulimi wa kahawani? Na kama si halali, ni upi unaostahili kunyamaza?

Mwepesi wa kujibu atasema kwamba ukumbi ni unafiki na kijiwe ndicho chenye kweli. Jibu hilo ni tamu, na ndiyo maana halifai kupokewa haraka. Anayemsema mtu siku aliyokwisha kuvuliwa mamlaka naye hakulipa gharama yoyote kwa maneno yake. Jana alikuwa akimwamkia kwa kuinama. Leo anamtaja kwa jina tupu. Ujasiri unaosubiri adui avuliwe silaha hauna jina zuri katika lugha yoyote.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini maneno huwa mengi juu ya mtu ambaye, kwa hakika, si mkubwa serikalini. Afisa elimu wa kata, ambaye kwa miaka mingi aliitwa Mratibu Elimu Kata, hapangi bajeti ya nchi wala hatungi mitaala. Mwalimu mkuu ana mamlaka madogo zaidi. Lakini kalamu zao hugusa pale panapouma. Shule za katikati ya mji, kama vile Uhuru Mchanganyiko, Mnazi Mmoja, Lumumba na Gerezani, hazipokei watoto wa mitaa yake peke yao. Mama anayeuza vitambaa Mtaa wa Kongo huenda analala Mbagala au Gongo la Mboto. Hutoka nyumbani kabla ya alfajiri na hurejea usiku. Angependa mtoto wake asome pale anapoweza kumwona mchana, badala ya kumwacha nyumbani mikononi mwa majirani. Basi ruhusa ya uhamisho, ambayo kwa anayeitia sahihi ni karatasi moja kati ya mia, kwa mama huyo ni mpango mzima wa maisha. Akipewa, atamwombea dua mtia sahihi. Akinyimwa, atalikumbuka jina lake mpaka wajukuu.

Jambo hili lilipata uzito zaidi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, uliojulikana kwa ufupi kama MMEM, ulipoanza na ada ya shule za msingi ikafutwa. Wanafunzi wa shule za msingi Tanzania Bara walikuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000. Mwaka 2005 walikwisha kupita milioni 7.5. Waliofuta ada walikuwa Dodoma na wizarani, nao walistahiki shukrani. Lakini aliyesimama mlangoni siku ya kuandikisha, akatazamana na mzazi uso kwa uso na kumwambia kwamba darasa limejaa, ni mwalimu mkuu. Neema ilitangazwa na wakubwa, uhaba ukatangazwa na wadogo. Hali ikajirudia mwaka 2016, ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilipoondolewa na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Mwalimu mkuu aliyeomba wazazi wachangie madawati aliitwa mla fedha, na asiyeomba akaitwa mzembe. Wahenga hawakukosea kuuita ukubwa jaa: kila mpitaji hutupia lake.

Kwa sababu hiyo sifa za ukumbini zina kasoro ya asili. Nyingi hutoka kwa waliopewa. Hali kadhalika lawama za kijiweni nyingi hutoka kwa walionyimwa, na aliyenyimwa si shahidi mwadilifu kwa kuwa tu amenyimwa. Huenda alichonyimwa hakikuwa haki yake. Huenda alikuja na bahasha, bahasha ikarudishwa, na hiyo ndiyo dhambi anayomhesabia mstaafu hadi leo. Katika mji wa biashara kama Dar es Salaam, kukataa rushwa kumewajengea watu maadui wengi kuliko kuila.

Yuko shahidi wa tatu, ambaye hana kiti ukumbini wala hapigi kelele kijiweni. Naye ni yule aliyenyimwa akaridhika kwamba alinyimwa kwa haki. Mtu huyu husema maneno machache: nilimwendea, akanikatalia, akanionyesha orodha, nikaona mwenyewe kwamba waliotangulia walikuwa na haja kuliko mimi. Ushuhuda wa namna hii haununuliki. Aliyepewa anaweza kusifu kwa sababu ya alichopewa. Huyu hakupewa kitu, na bado anasifu. Kumpima mtumishi wa umma kwa walioondoka mlangoni pake mikono mitupu ni kipimo kigumu, nacho ni cha haki kuliko risala yoyote iliyotiwa fremu. Ajabu ni kwamba hakuna sherehe ya kuagana inayomtafuta shahidi huyo.

Hapa lugha yenyewe ina la kusema. Neno kustaafu limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa, kuomba kusamehewa kazi. Limetoka katika shina lile lile lililozaa afya na afueni, na lenye maana ya kusamehe na kufuta. Mstaafu, kwa asili ya neno, ni mtu aliyesimama mbele ya wenzake akisema: niachilieni, nisameheni. Kiswahili cha ofisini kimelipangusa neno hilo hata likabakia tarehe katika jalada: miaka 55 kwa hiari, miaka 60 kwa lazima. Anayefikisha miaka 60 haombi tena kitu kwa mtu. Saa hugonga, naye hutoka.

Lakini watu wa pwani wanajua vyema maana ya kuomba radhi kabla ya kuondoka. Anayekwenda Hija huzunguka kwa jamaa na majirani akitaka radhi. Mbele ya jeneza husimama mtu wa nyumbani akauliza hadharani: yuko anayemdai marehemu? Kama yuko, ajitokeze sasa, deni litabebwa na warithi, au asamehe. Swali hilo haliulizwi kwa kumvunjia marehemu heshima. Huulizwa kwa sababu ya kumheshimu, ili asiondoke na mzigo ambao walio hai wangeweza kumtua. Wala hakuna anayedhani kwamba kuuliza ni kumtuhumu. Jamii inayojua kuuliza hivyo mbele ya maiti, ambaye hawezi tena kujibu, inashindwaje kuuliza mbele ya mstaafu, ambaye anaweza?

Pingamizi kubwa ni la stara, na si pingamizi la kupuuzwa. Mgeni anayeondoka hatolewi kwa hesabu. Binadamu ana mapungufu. Kuyafunika ni ibada, kuyafunua ni fitina. Ukumbi haukukusudiwa uwe mahakama, na mtu aliyevuta chaki miaka 35, akavumilia mshahara mdogo na uhamisho usiokuwa na posho, ana haki ya jioni moja ya kusikia mema. Ni nani mwenye moyo wa kuinyakua jioni hiyo?

Stara ni mhimili wa ustaarabu wa pwani, na asiyeijua hawezi kuishi mtaani wiki mbili. Lakini stara hufunika kilicho cha mtu. Ulevi wake, ugomvi wa nyumbani mwake, umaskini aliouficha, maradhi yake: hayo ni yake, na anayeyatangaza ukumbini ni mpotovu. Cheo si chake. Umbali mdogo kutoka sokoni Kariakoo, katika mtaa ambao leo ni Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na katika ahadi za mwanachama wake mlikuwamo ile iliyokifananisha cheo na dhamana. Watu waliikariri miaka mingi kiasi kwamba hawaisikii tena. Lakini dhamana ni neno la sokoni, na mfanyabiashara wa Kariakoo analielewa kuliko katibu wa chama. Mali iliyowekwa dhamana hurudishwa, na irudishwapo hukaguliwa: imepungua, imeharibika, au ipo kama ilivyotolewa? Mwenye mali anayepokea dhamana yake bila kuitazama si mstaarabu, ni mjinga. Na mtunzaji mwaminifu ndiye wa kwanza kusema: fungua, tazama, hesabu.

Hoja ya wakati nayo ni nzito. Mwalimu Julius Nyerere, aliyewahi kufundisha Pugu na ambaye cheo cha ualimu kilimkaa kuliko cha urais, alistaafu urais mwaka 1985. Mwaka mmoja kabla ya hapo, bado akiwa Ikulu, alitaja hadharani makosa mawili ambayo asingeyarudia kama angeanza upya: kuvunjwa kwa serikali za mitaa mwaka 1972 na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976. Wapo waliosema kukiri huko kulichelewa, na wana hoja. Lakini kulikuja kiti kikiwa bado na miguu: sheria za kurudisha serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Msamaha unaoombwa na mwenye madaraka unaweza kufuatana na matengenezo. Unaoombwa na aliyekwisha kuyaacha hubaki kuwa faraja, nayo si haba, lakini ni kitu kingine.

Mzee Ali Hassan Mwinyi naye alikuwa mwalimu, tena wa visiwani. Aliongoza shule ya Mangapwani na baadaye Chuo cha Ualimu cha Zanzibar kabla siasa haijamchukua. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu walioteswa na kuuawa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Hakuwa ametesa yeye. Hilo lilikuwa kujiuzulu, na lugha imetofautisha: anayejiuzulu hujiondoa kwa sababu ya neno fulani, na anayestaafu huondoka kwa kutimiza muda. Hata hivyo tendo lile lilibeba maana ya asili ya kustaafu kuliko kustaafu kwingi kulikofuata. Alisimama akakiri kwamba kilichotendeka chini ya sahihi yake ni chake. Jamii nayo ikaupokea ukweli huo bila kumtia doa. Miaka minane baadaye alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Inakuwaje basi mwalimu mkuu wa shule yenye madarasa kumi na manne aogope kwamba kusema "katika jambo hili nilikosa" kutamwangamiza?

Wala kusema kweli si kuorodhesha makosa peke yake, maana mara nyingi wema na kosa huwa ni tendo lile lile. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, vijana waliomaliza elimu ya msingi wakafunzwa ualimu kwa muda mfupi na kusimamishwa mbele ya madarasa. Maafisa elimu wa wilaya waliotekeleza agizo hilo walikwisha kustaafu zamani, na wengi wametangulia mbele ya haki. Je, waliharibu elimu, au waliwafungulia mlango watoto ambao wasingeliona daftari maisha yao yote? Mzee anayesoma gazeti leo kwa sababu ya mwalimu yule asiyefuzu vizuri ana jibu lake. Mzee mwenzake aliyeshindwa kuendelea kwa sababu ya mwalimu huyo huyo ana jibu jingine. Kuwanyamazisha wote wawili kwa makofi ni kumpunja hata mstaafu, kwa kuwa kazi aliyoifanya ilikuwa kubwa na ngumu kuliko ile iliyotajwa katika risala.

Daftari la deni lina kurasa mbili, na baraza la kijiweni hupenda kusahau ukurasa wa pili. Nani anamdai mwalimu? Sawa. Na mwalimu anamdai nani?

Jina lenyewe la Kariakoo ni ukumbusho wa deni. Limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, waliopiga kambi mahali hapo. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na mishahara ya wengi haikuwafikia jamaa zao. Mwaka 1927 ikazinduliwa Sanamu ya Askari katikati ya mji, katika barabara ambayo sasa ni ya Samora, na maandishi yake yanawakumbuka askari pamoja na wapagazi. Sanamu ni nzuri, ya shaba, na wageni huipiga picha. Mpagazi alitaka mshahara, akapewa ukumbusho.

Kitanda cha ukumbini kina undugu na sanamu hiyo. Si kibaya, na waliochanga walichanga kwa moyo. Lakini siku ya pili mstaafu huanza safari ya kufuatilia mafao, na katika safari hiyo hana mshereheshaji. Kanuni za mwaka 2018 ziliposhusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, kilio kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Desemba mwaka huo Rais John Magufuli alizisitisha. Julai 2022 ikaja kanuni ya asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wakipata 50. Neno kikokotoo, lililokuwa la darasani, likawa neno la majonzi katika nyumba za walimu. Kabla ya hapo mji huo huo ulikwisha kuona wazee waliotumikia Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 wakiandamana barabarani miaka ya 2000, miongo zaidi ya miwili baadaye, wakidai mafao yao. Wapita njia waliwatazama, wakachelewa kazini, wakakasirika. Wangapi walijiuliza kwamba miongoni mwa wale huenda yuko aliyekuwa akishangiliwa ukumbini?

Jamii iliyotoa zawadi hujiona imemaliza. Waliompigia mwalimu simu mara tatu kwa siku msimu wa kuandikisha watoto hawampigii tena, na hilo linaonyesha nani alikuwa akipigiwa siku zote: yeye, au kiti. Mstaafu mwenye busara hulitambua mapema na halimuumizi sana. Asiye na busara huzunguka ofisini akitafuta heshima aliyoizoea, mpaka makarani wanajifanya hawamwoni.

Kuna kitu kimoja hata hivyo ambacho Kariakoo haikinyang'anyi. Afisa akistaafu, uafisa hubaki ofisini. Mkurugenzi huwa mkurugenzi wa zamani, na diwani huwa diwani wa zamani. Mwalimu hawi mwalimu wa zamani. Akipita Mtaa wa Msimbazi na kikapu chake, miaka kumi baada ya kuagwa, mwanamume mzima mwenye duka la jumla na wasaidizi wanne atatoka kibarazani na kusema, "Shikamoo, Mwalimu." Heshima hii haikuandaliwa na kamati. Yamkini ndiyo peke yake, katika yote yaliyosemwa juu yake, isiyotaka kitu kwake wala kuogopa kitu. Na miongoni mwa wanaotoka kibarazani hivyo wamo waliochapwa naye, waliorudishwa nyumbani kwa kukosa sare, walionyimwa nafasi. Baadhi yao wanamdai, na wanaamkia pamoja na kudai. Moyo wa binadamu unaweza kuyabeba yote mawili. Ukumbi ndio uliotayarishwa kubeba moja.

Basi ingekuwaje kama katika ratiba ya kuagana, kati ya risala na zawadi, ingewekwa nafasi ya dakika chache, na mwenyekiti wa kamati ya shule akasimama bila karatasi akauliza kama aulizavyo mtu wa nyumbani mbele ya jeneza: yuko anayemdai mwalimu? Na kisha akamgeukia mstaafu: nawe, Mwalimu, unamdai nani? Milango ikaachwa wazi, wa kijiweni waingie na vikombe vyao. Bila shaka kungekuwa na kimya kwanza. Mshereheshaji angekitazama kipaza sauti chake. Mtu wa muziki angeuliza kwa ishara kama apige. Mama muuza vitambaa wa Mtaa wa Kongo, aliyesimama nyuma karibu na mlango, angekuwa anatafuta pa kuanzia.